Mkono wa Kutundikia Pazia

Simu ya Bi Mgeni ilimkuta Zuwena amepiga magoti sakafuni dukani kwake Mapinga, pini mdomoni na mkasi mkononi, akikata pazia la mmoja wa hawa watu wa mjini wanaojenga kila kukicha kando ya barabara ya Bagamoyo. Alipoliona jina kwenye kioo, alizitema pini zote kiganjani. Namba ile alikuwa ameihifadhi siku nyingi bila kuthubutu kuipiga. Ilikuwa ya mama yake Mikdad.

“Hujambo, mwanangu?” Sauti ilikuwa laini, ya mtu aliyekula akashiba akajinyoosha. “Mie mama yake Mikdad, wa Bagamoyo.”

“Sijambo, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Mkono wako unasifiwa mpaka huku kwetu. Sasa, mapazia yangu yamezeeka, makochi yamezeeka, hata mie mwenyewe nimezeeka, ila mie hakuna wa kunishona upya.” Akacheka kidogo. “Njoo Jumapili uione nyumba. Nataka ipumue.”

Mwenye mapenzi hata akiambiwa jua limechwa, atasema ameambiwa kuna mbalamwezi. Bi Mgeni alimwita fundi aje aione nyumba, Zuwena akajiona anaitwa kuonwa yeye. Na tusimcheke, maana mwaka wa pili ulikuwa unakwenda Mikdad anamwambia, “Subiri, nitazungumza na mama.” Leo mama mwenyewe kapiga simu. Binadamu gani asingefikiri kwamba mazungumzo yamekwisha kufanyika?

Jumapili ile alioga mara mbili. Alijifukiza udi, akavaa dera lake la kijani, akalivua, akavaa la samawati, akarudia lile la kijani. Alipokuwa anajifunga mtandio mbele ya kioo aliiona tabasamu yake mwenyewe, akaona haya. Alikuwa amepita thelathini. Ndoa yake ya kwanza, ya kule Chalinze, ilivunjika kwa sababu hakuzaa, na mume alimpa talaka asubuhi, jioni Zuwena akapakia cherehani yake kwenye gari la mizigo akarudi pwani. Tangu siku hiyo alijiapiza kwamba tabasamu ya namna ile hataivaa tena. Kisha akaja Mikdad, fundi wa majokofu kutoka Bagamoyo, kijana kuliko yeye kwa miaka michache, mpole, mcheshi, mwenye macho ya kumfanya mtu asahau alichokuwa anapima.

Nyumba ya Bi Mgeni ilikuwa Magomeni, ile Magomeni ya Bagamoyo, nyumba pana ya zamani yenye baraza mbele. Ndani kulikuwa na giza saa nne za asubuhi. Mapazia yalikuwa ya mahameli rangi ya damu ya mzee, mazito, yenye matamvua ya dhahabu yaliyoanza kunyonyoka. Kila kochi lilikuwa na kitambaa cha kufuma mgongoni na vingine viwili mikononi. Juu ya kabati la vioo yalipangwa maua ya plastiki yaliyokuwa mekundu enzi zake.

“Usinifiche,” Bi Mgeni alisema baada ya juisi ya ukwaju na maulizo ya afya za ndugu wote. “Unaona nini?”

“Naona nyumba nzuri inayofichwa, mama.”

Bi Mgeni alimtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu. Jibu lilimpendeza, na kule kupendezwa kwake Zuwena alikuhesabu kuwa ni dalili.

Wakazunguka pamoja, mmoja akishika futi na mwingine akishika mwisho wake. Zuwena alitandaza sampuli zake juu ya meza. Sebuleni alishauri kitani ya rangi ya mchanga, na nyuma yake kitambaa chepesi cheupe, mwanga uingie bila wapita njia kuona ya ndani. Kuta zipakwe rangi ya maziwa. Vitambaa vya makochi vipumzishwe, iwekwe mito ya foronya za bluu. Kila alichokichagua alikichagua kama mtu atakayeamka humo kesho. Alijiona akiyafungua mapazia yale alfajiri, akimsikia Mikdad anaita chai.

“Una jicho,” Bi Mgeni alikiri. “Wallahi una jicho. Sasa njoo huku ndani. Hiki ndicho chumba chenyewe.”

Kilikuwa chumba cha Mikdad. Zuwena hakuwahi kukiona. Shati lake la kazi lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, na harufu yake ilikuwa humo, ile ile ya sabuni na mafuta ya mashine.

“Hapa nataka kitu cha pekee,” Bi Mgeni alisema akiwa amesimama mlangoni. “Mwali akiingia ajue kwamba alingojewa.”

“Mwali, mama?”

“Adila, binti wa marehemu kaka yangu, wa Mbegani. Mtoto wa mjomba wake Mikdad. Posa ilikwisha pokelewa, tunangoja tu mfungo sita, mwezi wa Maulidi.” Sauti yake haikupanda wala kushuka. “Mtoto mzuri, hajaguswa na mambo ya dunia. Wewe ungemchagulia rangi gani?”

Zuwena aliinamia kizingiti cha dirisha, akajifanya anasoma futi. Herufi na tarakimu zilikuwa zimechanganyika zote. Alipata sauti, ingawa hakujua imetoka wapi.

“Nyeupe ya maziwa, mama. Yenye maua madogo ya kutariziwa.”

“Nyeupe. Naam, inamfaa.” Bi Mgeni akamsogelea, akamwekea mkono begani, mkono mwepesi kabisa. “Na jambo moja, mwanangu, usinielewe vibaya. Yote utatundika wewe, lakini la humu utanishonea tu. Unazijua mila zetu. Pazia la chumba cha bibi harusi hutundikwa na mwanamke mwenye ndoa yake. Atatundika dada yangu Mina, yeye na mumewe tangu ujana wao mpaka leo. Mkono uliovunjikiwa na ndoa haupelekwi dirishani kwa mwali. Si kwa ubaya.”

“Si kwa ubaya,” Zuwena aliitikia.

Walitazamana. Na katika macho yale ya kistaarabu Zuwena alisoma kila kitu. Bi Mgeni alikuwa anajua. Pengine alijua zamani. Hakuwa amemwita fundi. Alikuwa amemwita mwanamke wa mwanawe, aje ampimie mwenzake chumba kwa mkono wake mwenyewe, kisha aseme asante.

Zuwena alipima madirisha yote mpaka la mwisho. Machozi aliyatunza mpaka alipofika dukani kwake, akafunga mlango, akakaa chini kati ya majora ya vitambaa, akalia kama mtu aliyefiwa.

*

Mikdad alikuja kesho yake mchana, akitoka kazini, na kifuko cha korosho mkononi. Alikuta Zuwena yuko kwenye cherehani, kitambaa cheupe cha maua madogo kinapita chini ya sindano.

“Mbona simu zangu hupokei?” aliuliza. “Nimekosa nini?”

“Nakushonea pazia.”

“La nini?”

“La chumba chako. Chako na Adila.”

Kifuko kikawekwa mezani polepole. Mikdad alivuta kigoda akakaa. Zuwena alikuwa ameomba Mungu usiku kucha kwamba kijana huyu ashangae, aruke, aseme Adila gani, harusi gani. Hakushangaa, na kule kutoshangaa ndiko kulikomchoma.

“Ulikuwa unajua,” alisema.

“Zuwe, sikiliza…”

“Ulikuwa unajua! Siku ile umenipeleka Mbegani kula pweza, unanilisha kwa mkono wako, ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa nautafuta wakati mzuri.”

“Wakati mzuri wa kumwambia mwanamke kwamba unaoa? Upi huo? Baada ya fungate?”

“Usiseme hivyo.” Macho yake yalikuwa mekundu. “Baba alikufa nikiwa sijaota meno. Mjomba ndiye aliyenivisha, ndiye aliyenisomesha ufundi. Alipokuwa anakata roho alinishika mkono huu, akaushika na wa Adila, akasema, msiachane. Mama yuko pale analia, mkaza mjomba, mama yake Adila, analia. Ungekuwa wewe ungesemaje?”

“Ulisemaje?”

“Niliinamisha kichwa tu. Sikusema ndiyo.”

“Na sasa je? Posa imekwenda, imepokelewa. Ulisema nini?”

Mikdad alitazama mikono yake. “Nilinyamaza.”

Zuwena aliachia pedali ya cherehani. Hasira ilikuwa imempanda, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu alikuwa anamhurumia. Alimjua. Alijua jinsi anavyompenda mama yake, jinsi anavyomkanda miguu kila Ijumaa, jinsi anavyoweza kuvunja jokofu zima na kuliunganisha tena lakini hawezi kumwambia mama yake kwamba mchuzi una chumvi. Mwanamume anayempenda mama yake namna ile ndiye aliyemvutia, na sasa pendo lilelile ndilo lililokuwa linamnyonga.

“Unampenda?” aliuliza.

“Adila ni dada yangu. Nimemfundisha kuendesha baiskeli, Zuwe. Hata yeye hanitaki hivyo, najua, ila naye kaziba mdomo kama mimi.”

“Basi mtaoana mabubu wawili.”

Mikdad alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alipiga goti mbele ya cherehani, akashika ncha ya kile kitambaa cheupe.

“Nimepata njia,” alisema kwa sauti ya chini. “Lile pazia la chumbani. Kwa mila yetu, mama lazima kakwambia usilitundike, siyo? Anaamini. Wote wanaamini, mama mkubwa Mina, mkaza mjomba, wote. Jumamosi, siku ya kutundika, watakuwepo pale. Wewe litundike. Pita nalo, panda ngazi, litundike mbele yao. Watasema nuksi imeingia. Mkaza mjomba mwenyewe hatampeleka mwanawe kwenye chumba kama hicho, namjua. Mambo yatavunjika yenyewe, na mimi sitakuwa nimemvunjia mtu ahadi.”

Zuwena aliinua macho kutoka kwenye kitambaa. Nje lori lilipita kwa kishindo, vioo vya duka vikatetemeka.

“Hebu rudia,” alisema.

“Zuwe…”

“Nimekusikia. Nataka wewe ujisikie.” Aliuvuta mtandio wake mabegani. “Mama yako kaniambia mkono wangu una mkosi. Nimelia, lakini nilisema ni mama, ana mila zake. Na wewe sasa unaniambia mkono wangu una mkosi, kwa hiyo niutumie. Niende nikawe nuksi yako. Niharibu harusi ya msichana asiyenikosea, niitwe mchawi Bagamoyo nzima, halafu wewe usimame pembeni na kanzu yako safi useme, yarabi, imekuwaje?”

“Sikuwa na maana hiyo.”

“Maana nyingine ipi? Mtaka cha mvunguni huinama, Mikdad. Hamtumi mwenzake akamwinamie.”

Mikdad alinyoosha mkono akamgusa shavuni, na Zuwena, pamoja na uchungu wake wote, hakukwepa. Alifumba macho kidogo tu. Mapenzi hayana adabu, huja hata pale yalipotukanwa.

“Nenda,” alisema akiwa bado kafumba. “Nina kazi ya mama yako.”

*

Jumamosi alasiri nyumba ya Bi Mgeni ilijaa harufu ya rangi mpya na maandazi. Bi Mgeni alikuwa amewaalika watu wake waje waone: dada yake Bi Mina, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, na Bi Hafidha, mjane wa marehemu kaka yake, mama yake Adila, aliyekuja kutoka Mbegani na sahani ya visheti iliyofunikwa kawa. Walikuwepo na majirani watatu wanne wa kushangilia.

Zuwena hakuzungumza sana. Alipanda ngazi, akapitisha bomba kwenye ringi, akashuka, akasogeza ngazi, akapanda tena. Kwa kila dirisha alilolimaliza sebule ilipanuka. Mwanga ulianza kuingia kwa upole kupitia kile kitambaa chepesi, ukatua juu ya kuta za rangi ya maziwa, ukatua juu ya foronya za bluu, na wanawake wakaacha kutafuna.

“Ee Mola!” Bi Mina alipiga kigelegele. “Mgeni, hii ndiyo ile nyumba yako au umehama?”

“Ndiyo ile ile, ilikuwa na ushungi tu,” mwingine akadakia, wakacheka.

Bi Mgeni mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, mikono kifuani. Zuwena alimwona akigusa kitani kwa ncha za vidole, akageuka upande kidogo ili asionekane, na kwa mara ya kwanza alimwonea imani. Huyu alikuwa mwanamke aliyeishi gizani tangu afiwe na mume, kisha na kaka, na leo alikuwa anajaribu kufungua madirisha kwa njia aliyoijua yeye.

“Limebaki la ndani,” Bi Mgeni alisema. “Mina, nawa mikono, dada yangu. Fundi, mpe.”

Zuwena alilichukua lile furushi jeupe, lililopigwa pasi na kukunjwa vizuri, akamnyooshea Bi Mina. Alikuwa ameamua. Angelikabidhi, angekunja ngazi yake, angeondoka, na asingerudi tena Magomeni maisha yake yote.

Furushi halikufika. Mkono wa mwanamume ulilichukua hewani. Mikdad alikuwa ameingia kwa mlango wa uani, na jasho lilikuwa linamtiririka ingawa hakuonekana kama mtu aliyetoka kazini.

“Shikamooni,” alisema.

“Marahaba, baba,” wakaitikia.

“Fundi ni huyu.” Sauti yake ilikwama, akaisafisha. “Kazi aliyoianza aimalize. Zuwena, njoo ulitundike.”

Kicheko cha Bi Mina kilikatika. Bi Hafidha aliweka kikombe chake mkekani.

“Mikdad,” mama yake alisema kwa upole, “hayo ni mambo ya wanawake. Mpe mama yako mkubwa.”

“Mama, fundi si ndiye anayejua?”

“Nimesema mpe mama yako mkubwa.”

Hakumpa. Alisimama na lile pazia mikononi, anamtazama Zuwena tu. Zuwena aliyasoma macho yale kwa urahisi. Yalikuwa yanaomba. Yalikuwa yanasema panda ngazi, nifanyie, niokoe. Sebule nzima ilikuwa inamtazama sasa. Ilikuwa rahisi mno. Hatua chache mpaka chumbani, pazia moja, na Adila angerudishwa kwao kabla hajaja. Angempata. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba angeweza kweli kumpata mwanamume huyu kwa njia hiyo, kisha aishi naye maisha yote akijua alimpata vipi.

“Sitalitundika,” alisema.

“Umeona?” Bi Mgeni alishusha pumzi. “Mwenyewe ana akili zake.”

“Sitalitundika mpaka mwenye chumba aniambie sababu.” Zuwena hakuwa anamtazama Bi Mgeni. “Wewe, Mikdad. Umenitaka niingie chumbani kwako mbele ya wazazi wako, na mila ya kwenu unaijua. Kwa nini mimi? Waambie. Ukitaja sababu, nitakusikia. Ukinyamaza, mpe Bi Mina pazia lake, mimi niende zangu.”

“Fundi, unasema nini katika nyumba yangu?” Bi Mgeni aliuliza.

“Namuuliza swali tu, mama. Nisamehe.”

Mikdad alimtazama mama yake. Alimtazama mkaza mjomba wake, aliyekuwa amekaa wima kabisa na kanga yake imeshikwa chini ya kidevu. Mtaani mtu alikuwa anapiga nyundo bati, pigo baada ya pigo. Zuwena alihesabu moyoni kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Kisha akainama, akaanza kukunja ngazi.

“Kwa sababu chumba ni chake,” Mikdad alisema.

Ilikuwa sauti ndogo. Bi Mina aliuliza, “Nini?” na ikabidi aseme tena, na mara hii ilisikika mpaka barazani.

“Chumba ni cha Zuwena. Nampenda, mwaka wa pili sasa. Kama si yeye, basi kikae bila pazia. Mkaza mjomba, nisamehe. Mjomba aliponishika mkono nilikuwa naogopa kifo chake, sikuwa naposa. Ningesema siku ile. Ningesema siku ya posa. Nilinyamaza, na kosa ni langu, si la huyu, wala si la Adila.”

Hakuna aliyepiga kelele. Bi Hafidha alinyanyuka polepole, akavaa buibui lake, akafunga vifungo kimoja kimoja.

“Hafidha, wifi yangu, keti,” Bi Mgeni alisema. “Mtoto kachanganyikiwa.”

“Hakuchanganyikiwa.” Bi Hafidha alimaliza kifungo cha mwisho. “Mwanangu analia usiku, Mgeni. Mimi nikasema ni machozi ya mwali, kumbe sikumuuliza. Lakini aibu hii…” Alipita mbele ya Mikdad bila kumtazama, akatoka, na visheti vyake vikabaki.

Bi Mgeni alibaki amesimama katikati ya sebule yake mpya. Mwanga ulikuwa unamwangukia usoni, na mwanga ule mzuri haukumhurumia. Ulionyesha kila mkunjo.

“Nilimwahidi kaka yangu,” alisema, na hakuwa anasema na mtu. “Alikuwa kanishika kanga.” Kisha akamgeukia Zuwena. “Umefurahi?”

“Hapana, mama.”

“Umeingia kwangu na futi, umenipambia nyumba, umenibomolea humo humo.”

“Mama, usimlaumu yeye,” Mikdad alisema. Alilitupa lile furushi kochini, akamshika Zuwena mkono, mbele za watu, kwa mara ya kwanza. Kiganja chake kilikuwa baridi. “Twende. Nitakuoa hata leo. Kwa kadhi, kwa msikiti wowote. Twende zetu.”

Tusidanganyane: Zuwena alitaka kwenda. Kila kiungo mwilini mwake kilitaka. Maneno aliyoyangoja mwaka wa pili yalikuwa yamesemwa mbele ya mashahidi, na mkono alioupenda ulikuwa umeushika wake. Alitazama nyuma ya bega la Mikdad, akamwona Bi Mgeni ameketi mkekani kama mtu aliyekatwa miguu, Bi Mina anampepea kwa upande wa kanga.

Akautoa mkono wake taratibu.

“Mimi niliwahi kutolewa kwa watu kwenye gari la mizigo,” alimwambia Mikdad. “Sitaingia kwa watu kwa kukimbizwa. Kaa na mama yako. Umemvunja moyo leo, huwezi kumwacha humu na mapazia matupu. Ukitaka kunioa, wazazi wangu wako Mapinga, mlango uko wazi. Lakini aje mama yako aniombe. Kwa miguu yake, kwa mdomo wake. Asipokuja yeye, wewe usije.”

“Zuwe, hatakuja. Unamjua. Hatakuja!”

“Basi tutakuwa tumejua.”

“Utangoja sana,” Bi Mgeni alisema kutoka pale chini.

“Nitangoja, mama.”

“Usiniite mama.”

Neno hilo lilimpata mahali pake. Zuwena aliinama akabeba ngazi yake, akaweka futi na mkasi kwenye mkoba. Mikdad alikuwa amejishika kichwa, machozi yanamtoka waziwazi kama mtoto, na Zuwena alipopita karibu naye ilimbidi auume ulimi ili asisimame. Mlangoni aligeuka. Majirani walikuwa wamejikunyata kwenye makochi, foronya za bluu mapajani.

“Assalaam alaykum,” aliaga.

“Waalaykum salaam,” waliitikia, Bi Mina kwa huzuni, majirani kwa aibu, Mikdad kwa sauti iliyokatika katikati. Kurudisha salamu ni wajibu, hata kwa adui, na Bi Mgeni alikuwa mwanamke wa dini, asiyekosa sala wala kumwacha mpita njia bila jibu. Zuwena alisimama kizingitini, ngazi begani, akimpa nafasi. Alingoja mpaka bega likaanza kumuuma. Bi Mgeni alikuwa amegeukia ukutani, na midomo yake haikutikisika.